Pikipiki ya Sebuleni

Machi 4, Jumanne

Daftari hili nimelinunua leo kwa ajili ya ugomvi. Yule binti wa duka la pikipiki, kila nikimpigia simu ananiambia, "Dada, sikumbuki kama tuliongea." Haya. Kuanzia leo naandika siku na maneno, tuone nani atasahau.

Kwa atakayelisoma presha ikishaniua: mimi ni dobi. Mtaani wananiita Mama Mashuka, kwa sababu nafua mashuka ya nyumba mbili za wageni zilizo hapa karibu, nayabeba kichwani kwenda na kurudi. Juu mlimani, ng'ambo ya daraja, kuna hoteli kubwa. Meneja wake kaniambia kazi ni yangu kwa sharti moja: machafu yachukuliwe asubuhi na mapema, masafi yafike kwa wakati, kila siku bila visingizio. Kwa kichwa haiwezekani. Nikatoa akiba yangu yote ya kufua, tukaagiza pikipiki mpya kutoka mji wa mbali, safari ya mchana kutwa na usiku kucha kwa lori, maana huku hakuna duka. Mume wangu ndiye ataiendesha. Yeye ndiye mjuzi wa vyombo hivyo, vijana wanamwita Kapteni.

Pikipiki ilifika wiki iliyopita, inang'aa hadi unajiona. Shida ni karatasi. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi siyo iliyogongwa kwenye fremu. Karani wa usajili alilala chali chini ya pikipiki na tochi mdomoni, akainuka akijipangusa vumbi. "Mama, hizi ni karatasi za pikipiki nyingine. Bila karatasi zake hupati kibao cha namba, na bila kibao ikionekana barabarani askari wanaibeba."

Basi iko sebuleni.

Machi 6, Alhamisi

Binti wa Simu amekiri! Walifungua maboksi mawili siku moja, wakachanganya bahasha. Karatasi zangu alipewa mteja mwingine, na mimi nikapewa zake. Yule mwenzangu ameshazirudisha dukani, sasa anasubiri zake zitoke kwangu. "Tutumie hizo ulizo nazo, dada, zenyewe siyo nakala, halafu tukutumie zako."

Nikamwambia watangulize zangu. Akasema bosi hataki, eti nikishapata zangu nitazikalia zile nyingine.

"Kwa hiyo mnaniona mwizi?"

"Siyo mimi, dada. Ni bosi."

"Mpe simu."

"Amesafiri."

Huyo bosi safari zake hazina mwisho. Kapteni kachukua bahasha, kaenda stendi kuituma kwa basi. Amerudi amelowa chepechepe. Mvua zimeanza kweli.

Machi 10, Jumatatu

"Hazijafika, dada." Kapteni anasema haraka haraka haina baraka.

Machi 12, Jumatano

Hazijafika.

Machi 15, Jumamosi

Ngoja niandike hali ya sebule, nikija kuchanganyikiwa mjue chanzo. Kuna godoro la mama mkwe, aliyekuja kutibiwa goti. Kuna meza yangu ya pasi. Kuna kamba za mashuka mabichi kutoka ukuta hadi ukuta, maana nje ni mvua asubuhi, mvua jioni. Na katikati, kama bwana harusi, pikipiki. Nje haiwezi kukaa. Mtaa huu hata ndoo inaibwa na maji yake.

Ukitaka kwenda mlangoni unainama chini ya shuka, unakwepa pedeli, unavuka godoro. Mtu mnene hapiti. Jirani aliyekuja kuazima chumvi kaishia mlangoni, kapewa chumvi juu ya tanki la mafuta.

"Mwanangu," mama mkwe kaniambia leo, "nilikuja kutibiwa goti, mmenifanya askari wa zamu. Nikigeuka usingizini nakutana na bomba la moshi uso kwa uso."

Nilianika foronya kwenye usukani. Kapteni kaziondoa moja moja, kaifuta pikipiki kwa kitambaa laini, kioo hadi mnyororo. Hajaikalia hata mara moja. Anasema kiti kipya hakikaliwi mpaka kibao kitoke. Tangu kiwanda chao kifungwe mwaka jana anaamka mapema na hana pa kwenda, na nikimwona anavyoifuta roho inaniuma. Mtu kazi iko mbele ya macho yake na haishikiki. Watu wa duka lile Mungu anawaona.

Machi 19, Jumatano

Leo tumegombana. Nimemuuliza stakabadhi ya kifurushi iko wapi. Anasema ofisi ya mabasi ilikuwa imefungwa, akampa kondakta mkononi.

"Kondakta gani?"

"Mmoja mrefu hivi."

"Makondakta warefu wako wangapi nchi hii?"

Nikampigia kelele hadi mama mkwe akajifunika shuka la wageni. Halafu nikajuta. Mtu kaenda na mvua yote ile kwa ajili yangu, mimi namtolea macho. Nikamkaangia yai.

Machi 24, Jumatatu

Mvua. Simu haikupokelewa.

Machi 25, Jumanne

Mvua. Imepokelewa, ikakatwa.

Aprili 2, Jumatano

Leo nimefungua mdomo. Nimemwambia Binti wa Simu yeye ni mwongo wa kulipwa, karatasi wamepokea zamani na wamezikalia, wanangoja nichoke. Nimemwambia mimi ni dobi, uchafu mgumu hauniogopeshi, nausugua hadi utoke.

Kimya. Nikadhani amekata. Kumbe analia.

"Dada, mimi naingia hapa saa moja asubuhi, natoka giza limeingia. Bosi kaniwekea kamera juu ya kichwa, hata kwenda chooni naomba. Wewe unanitukana asubuhi, yule mwenzako mwenye karatasi zake kwako ananitukana mchana. Naye pikipiki yake imelala ndani. Mimi hata baiskeli sina."

Nikamwambia, "Pole, lakini karatasi nazitaka," nikakata. Usiku nikamsimulia Kapteni kwamba yuko mtu mwingine huko, hatumjui, amekwama kama sisi. Akauliza, "Naye ana familia?" Nikasema nitajuaje. Akageukia ukutani.

Aprili 8, Jumanne

Meneja wa hoteli kaja mwenyewe, na mwavuli wake. Kasimama mlangoni, kapitisha macho kwenye mashuka, godoro na pikipiki.

"Mama Mashuka, kumbe chombo unacho. Mbona huji?"

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri, ndiyo maana aliponijibu niliumia zaidi. "Sasa hivi barabara ya juu ni tope, wageni hawapandi. Mvua zikikatika wanarudi. Siku ya kwanza ya jua nahitaji mtu. Kuna jamaa ana bajaji, kila siku ananisumbua. Nakusubiri wewe hadi mvua ziishe. Baada ya hapo, usinilaumu."

Sasa nisikilizeni kichekesho. Mimi dobi, mashuka yangu hayakauki, nyumba imekuwa bwawa, na jioni hii nimejikuta naomba mvua isikatike.

Aprili 9, Jumatano

Haijakatika. Namshukuru Mungu, na mashuka sita hayajakauka.

Aprili 14, Jumatatu

Nimerudishiwa mzigo. Nyumba ya wageni ya kona, ambayo nimeifulia tangu nikiwa mgeni mtaani hapa, imenirudishia mashuka yote kwa sababu yananuka ukungu. Msimamizi hakufoka, alisogeza tu pua yake kwenye kona ya shuka, akaniangalia. Aibu niliyoipata siwezi kuiandika. Nimeyafua upya, nimewasha jiko la mkaa ndani nikafungua madirisha, mvua inaingia, moshi unatoka, mama mkwe anakohoa. Ningeweza kuisukuma pikipiki hiyo nje sasa hivi, waje waiibe, nipate mahali pa kupumua.

Kapteni kakaa mlangoni mgongo nje, miguu ndani. Kaniambia subira yavuta heri. Nikamwuliza hiyo heri imefungwa kamba ndefu kiasi gani.

Aprili 17, Alhamisi

Habari njema! Bosi amepatikana, tena amelegea. Binti wa Simu ndiye aliyempambania, mwenyewe kaniambia. Lori lao linapita njia panda yetu Jumanne. Dereva anazo karatasi zangu. Mimi nitasaini mbele yake kwamba zile nyingine zimepotea njiani, ananikabidhi zangu, wao watajua la kumfanyia yule mwenzangu. Akifika atapiga namba iliyoandikwa kwenye oda, namba ya Kapteni.

Nimemrukia Kapteni shingoni. Alitabasamu, lakini tabasamu lilikuwa dogo. Nikasema moyoni, mwanamume akingoja sana hata furaha anaisahau.

Aprili 22, Jumanne

Nimepiga pasi kutwa, masikio kwenye simu ya Kapteni. Saa nane akasema anakwenda njia panda kuangalia mwenyewe. Karudi jioni, amelowa. "Lori halikupita. Labda daraja limefungwa."

Mama mkwe alimtazama sana, akaacha.

Aprili 23, Jumatano

Naandika mchana huu kwa sababu nisipoandika nitavunja kitu.

Asubuhi nilimpigia Binti wa Simu nikiwa na matusi mapya tayari. Kabla sijaanza akaniambia, "Dada, pole na msiba."

"Msiba gani?"

"Si umesafiri msibani? Dereva wetu alifika jana njia panda, akakutana na mumeo. Mumeo kamwambia umesafiri msibani, hajui utarudi lini, pikipiki isihangaikiwe. Tena dada, hata mwezi wa tatu alipiga akasema hakuna haraka. Nikaona ni mambo ya nyumbani kwenu, sikuingilia."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo kwenye meza ya pasi. Nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Shuka la watu, alama ya pasi katikati.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo nazifua kila siku, sikukiona.

Kapteni alikuwa anafuta kioo cha pembeni. Nikazima pasi. Nikamwuliza taratibu kabisa, hadi mwenyewe nikajiogopa, "Bahasha iko wapi?"

Hakuuliza bahasha gani. Alichukua ufunguo, akafungua kiti cha pikipiki, akaitoa, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, kavu kabisa. Wiki zote hizo nimeanika mashuka juu yake.

"Hukwenda stendi."

"Nilikwenda. Nikasimama. Nikarudi."

"Kwa nini?"

Alikaa chini kwenye godoro la mama yake, mtu mzima yule. Akasema zamani, kabla hatujaoana, alikuwa akiendesha pikipiki ya kampuni. Usiku mmoja wa mvua aliteleza kwenye kona ya daraja, akaingia mtaroni, pikipiki ikamlalia. Hakuvunjika hata kidole. Lakini hakuweza kuiinua, na maji ya mtaro yalikuwa yanapanda. Alipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Walipomtoa asubuhi, maji yalikuwa kidevuni. Tangu siku hiyo hajaendesha pikipiki. Anaijua yote, anawafundisha vijana kwa mdomo, wanamwita Kapteni, naye anaitikia.

"Uliponiambia tununue," akasema, "ulikuwa na furaha. Nilisema nitajikaza. Ilipofika nikaikalia, nyinyi mlikuwa sokoni. Nilisikia maji hapa." Akashika kidevu.

"Ungesema!"

"Ningesema nini? Wewe ndiye unayetulisha. Kitu kimoja tu ulichoniomba, nikuambie naogopa?"

"Ukaona bora nife na ukungu! Ukaona bora nimtukane mtoto wa watu hadi alie! Na yule mtu wa huko, pikipiki yake imelala ndani kwa ajili yako!"

"Nilidhani utazoea kuiona imesimama," akasema. "Kama ulivyozoea kuniona mimi."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, vyote kwa mkono huo huo. Sikufanya hata kimoja. Mama mkwe akasema kutoka kwenye kiti chake, "Nilijua anaogopa, mwanangu. Kwamba anakuficha, hilo sikujua. Nisamehe." Nikatoka nje nikasimama kwenye mvua, maana ndani hapakuwa na mahali pa kulilia.

Aprili 24, Alhamisi

Hatusemezani. Kwenye sebule hii kutosemezana ni kazi, mnagusana kila mkipita.

Nimempigia Binti wa Simu, nimemwomba radhi bila kuzunguka. Nimemwambia bahasha imepatikana nyumbani. Hakuniuliza imepatikanaje. Kaniambia lori linarudi kesho, na kaniambia jina lake. Sitaliandika humu. Kwenye daftari la ugomvi halina kazi.

Aprili 25, Ijumaa

Nilikwenda njia panda mwenyewe, sikuaga. Nilisimama chini ya bati la kibanda cha muuza matairi kutoka asubuhi. Lori lilipita saa tisa. Dereva, mzee mwenye miwani, kanitazama juu hadi chini. "Kumbe msibani kumeisha."

"Kumeisha, baba."

Nikampa bahasha, akanipa yangu. Nilisoma namba palepale, nikailinganisha na niliyoandika kiganjani. Ni yenyewe. Nikamwambia amsalimie yule mwenzangu, na nikaona haya kwa jambo ambalo sikulifanya mimi.

Mei 5, Jumatatu

Kibao kimetoka! Kibali cha kujifunzia kuendesha nimekichukua palepale, kwa jina langu. Karani kaniuliza nina uhakika. Nikamwambia sina.

Jana hakukunyesha. Leo manyunyu tu. Meneja anaiangalia mbingu hiyo hiyo ninayoiangalia mimi.

Mei 6, Jumanne

Niliisukuma pikipiki hadi uwanja wa mpira, alfajiri, peke yangu. Nimeanguka mara ngapi, sihesabu. Magoti yote mekundu, na mama mkwe amepata mwenzake wa kuchua goti. Injini inazima kila nikiachia klachi.

Mei 7, Jumatano

Tena. Nilikuwa nimekaa kwenye tope karibu na goli nikilia kwa hasira, mara nikasikia sauti nyuma yangu. "Unaachia klachi kama unarusha nguo kwenye beseni. Iachie kama unavuta uzi."

Hatukuwa tumesemezana tangu siku ile ya pasi. Sikugeuka. Nikainua pikipiki. Hakunisaidia kuinua, alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, na nilimwona anatetemeka. Nikavuta uzi. Ikaenda, ikaenda kabisa, mpaka karibu na goli la pili.

"Breki ya nyuma kwanza! Ya nyuma! Mama, ya nyuma!"

Nikaigonga nguzo. Tukacheka wote wawili, kisha nikakumbuka kwamba nina hasira naye, nikaacha.

Mei 9, Ijumaa

Anakimbia pembeni yangu uwanja mzima akipiga kelele za gia. Anajua kila kitu. Sijamsamehe. Lakini nimeona kwamba kila nikitetereka anafumba macho, halafu anayafumbua na kuendelea kukimbia. Mimi nilimwita mvivu kimoyomoyo kwa mwaka mzima, na hilo nalo naliandika.

Mei 11, Jumapili

Jua. Jua kali, la kutwa. Meneja katuma ujumbe: "Kesho saa moja. Wewe au bajaji?" Nikajibu: "Mimi."

Mei 12, Jumatatu

Nilipoamka Kapteni hayupo. Upande wake wa kitanda umepoa. Sikushangaa. Nilisema basi, amekimbia, leo hataki hata kuona. Mama mkwe alinisaidia kufunga mzigo wa mashuka masafi ya kuanzia, nikavaa helmeti, nikatoka. Mtaa mzima ulipiga makofi. Sikuwaangalia.

Barabara ya daraja bado ina utelezi upande mmoja. Nikaikaribia ile kona alikoangukia Kapteni. Nikamwona. Amesimama ukingoni mwa mtaro, suruali ina tope hadi magotini. Ametembea gizani njia yote hiyo ili anitangulie. Mkono ameuinua: punguza. Bado, punguza. Akanionyesha upande mkavu, kwa kidole, kama mtu anavyomwonyesha mtoto pa kukanyaga. Kisha akapeperusha mkono: haya, sasa. Nikapita mbele yake bila salamu, meno nimeyauma.

Juu, Meneja aliangalia saa, akaangalia helmeti. "Dereva wako yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Akanipa mzigo wa machafu, mkubwa kuliko niliotarajia. Nikashuka polepole, breki ya nyuma kwanza.

Alikuwa bado pale. Nikasimama, injini inaunguruma. "Panda. Tutabanana na mzigo."

Aliangalia kiti. Akakisogelea, akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo kwa muda.

"Siku nyingine," akasema. "Leo nimefika hapa. Wewe tangulia, nakuja kwa miguu. Nikifika nitaanika."

Jua lilikuwa limeshapanda na mashuka yalikuwa mengi. Nikamwambia asichelewe, nikatia gia.